Zenith, Weber, SU au ya Hiace? Kabureta ya Land Rover inayotembea kila siku

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25. Ilikuwa ya marehemu baba. Asubuhi naendea kazini Kigoma mjini, na karibu kila mwisho wa wiki napanda nayo Kasulu kwa mama. Kabureta ni Zenith iliyokuja nayo. Ikishapata moto inazima kwenye sailensi, yaani nisipokanyaga mafuta, plagi zinatoka nyeusi, na lita moja hainifikishi hata kilomita 4. Fundi wa kwanza anasema niitupe, ninunue Weber mpya. Wa pili ana kabureta ya Hiace anataka kunifungia. Mdogo wangu wa Dar kaona mtandaoni seti ya SU mbili, anasema ndizo zenye nguvu. Ipi haitaniacha njiani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa safari zako hizo, kabureta ya kwanza kuifikiria ni hiyo hiyo Zenith uliyonayo, mradi ikipimwa ionekane mwili wake unanyoosheka. Ikiwa imeshachoka kabisa, nunua Weber moja, 34 ICH, iliyo halisi. SU mbili achana nazo, na fundi wa kabureta ya Hiace mwambie asante. Ila kabla hujatoa hata shilingi, kuna kazi ya nusu siku chini ya boneti, kwa sababu dalili ulizozitaja zinaweza kutoka mahali ambapo kabureta haina kosa lolote.

Mtu akiniuliza kabureta gani ni ya kutegemewa, nami humrudishia swali: ikikorofisha saa mbili usiku kati ya Mwandiga na Kasulu, nani ataifungua, kwa spana zipi, na kifaa kilichokufa kitapatikana wapi kesho yake? Kabureta ya gari la kila siku hupimwa hapo. Kama gasketi yake hadi iagizwe Uingereza, hiyo ni kabureta ya gari la Jumapili, hata ikiwa na nguvu namna gani. Gari lako ni la Jumatatu.

Sasa twende chini ya boneti. Plagi nyeusi zenye masizi makavu maana yake petroli haikuungua yote. Mafundi wengi wakiona hivyo wanaishika kabureta shingoni. Lakini moto dhaifu wa umeme nao unaacha masizi yale yale. Kwa hiyo kazi inaanzia juu ya injini na kwenye distributa. Nafasi ya tapeti (vali) za injini yako, za kuingiza na za kutoa, zote ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Pointi za distributa ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Plagi ziwe milimita 0.75 hadi 0.80. Kisha timingi, yaani wakati wa plagi kupiga moto. Usiruke hatua hata moja, na usikubali fundi akuambie "zimeangaliwa juzi".

Kondensa ya distributa nataka uiangalie kwa jicho baya zaidi. Ni kikopo kidogo cha bei ndogo, na tabia yake ni kufa kikiwa cha moto halafu kufufuka kikipoa. Gari linawaka vizuri asubuhi, linafika Mwanga, hapo hapo Kigoma, limechemka, linaanza kumisi na kuzima ukisimama, unalisukuma pembeni, baada ya nusu saa linawaka kama halijui kilichotokea. Dalili zako zinafanana na hizo. Badilisha kondensa kwanza, uone. Nimeona watu wakinunua kabureta nzima kwa ugonjwa wa kondensa, na kabureta mpya nayo ikasingiziwa ni feki.

Umeme ukiwa sawa, angalia choki, ile inayobana hewa ili injini baridi iwake. Vuta kitufe, kirudishe, kisha ufungue boneti uone kama mkono wa choki pale kwenye kabureta umerudi mpaka mwisho. Waya wa miaka 40 unajaa kutu na vumbi, kitufe kinarudi ndani lakini kile cha chini kinabaki nusu. Ukitembea na choki nusu, kilomita 4 kwa lita ndiyo hesabu yenyewe. Kwa joto la Ujiji hata huhitaji choki ila asubuhi, tena kwa dakika chache.

Baada ya choki ni filta ya hewa. Land Rover yako ilitoka kiwandani na filta ya oili, lile kopo kubwa lenye oili chini. Kama bado unalo, shukuru. Kwa vumbi la barabara zetu za kiangazi, mimi sijaona kinacholishinda, na vijana wanaoling'oa ili wafunge kifilta cha sponji cha mapambo wanaiuza injini yao kwa mchanga. Lakini linataka huduma: oili ikigeuka tope, hewa inabanwa, na kabureta iliyobanwa hewa inamwaga petroli. Kuanzia Juni mpaka mvua zije, lifungue mara kwa mara, mwaga tope, safisha kwa mafuta ya taa, weka oili ya injini mpaka kwenye alama. Usizidishe, maana itanyonywa.

Bado pampu. Kama ni ile ya asili inayosukumwa na injini, yenye mkono wa kupampu kwa kidole, sina neno nayo. Kama kuna mtu alikufungia pampu ya umeme, nataka kujua ilitoka gari gani. Kabureta hizi zinataka msukumo mdogo sana, pauni 2 hadi 3 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu iliyotolewa kwenye tenki la gari la injekta inaweza kutoa 40 na zaidi. Sindano ya floti, inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, haiwezi kuzuia hiyo, petroli itafurika mpaka juu ya manifoldi ya moto. Hapo tunaongelea gari kuungua, sahau habari ya ulaji wa mafuta.

Haya yote yakiwa sawa na gari bado linazima, sasa tuifungue Zenith.

Zenith 36 IV ilianza kufungwa kwenye injini hizi mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaendelea kwenye Series III, ambazo zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Ni kabureta nzuri. Sehemu kubwa ya sifa mbaya iliyonayo imetokana na kasoro moja: mfuniko wake wa juu hupinda. Imetengenezwa vipande viwili vikubwa vya metali laini, vinakutana katikati kwa gasketi, na ndani pana oringi (pete ya mpira) ndogo inayoziba njia ya mafuta kati ya cha juu na cha chini. Joto la miaka mingi, na mafundi wa miaka mingi wanaokaza skrubu za pembeni kwa hasira, vinaufanya mfuniko upinde kidogo kidogo. Ukishapinda, oringi haishiki tena. Injini ikiwa kwenye sailensi inavuta petroli kupitia upenyo huo, petroli ambayo haijapita kwenye jeti, kile kitundu cha kuipimia, wala haijapimwa na mtu.

Kuna namna mbili za kuujua ugonjwa huu bila kufungua chochote kikubwa. Ya kwanza: injini ikiwa ya moto, iko sailensi, kaza skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, iliyo chini ya kabureta, taratibu mpaka igote. Kabureta ikiwa haina ugonjwa, injini inapaswa kuzima, kwa sababu umeifungia petroli ya sailensi. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hukugusa kitu, basi inalishwa kutoka mahali pengine. Ya pili: toa kiwiko cha hewa juu ya kabureta, simama pembeni, usiinamishe uso juu yake, mulika kwa tochi. Injini ikiwa sailensi, mdomo wa katikati ya koo, lile tundu kubwa la hewa, hautakiwi kutoa petroli hata tone. Ukiona matone yanadondoka juu ya kipepeo, kile kibamba kinachofungua na kufunga koo, tiki, tiki, umempata mwizi wako. Kama yanaendelea hata ukishazima gari, basi ongeza na sindano ya floti kwenye orodha ya washukiwa.

Dawa yake ipo, na haihitaji karakana kubwa. Tafuta kipande cha kioo kizito cha dirisha, nunua msasa wa maji namba 240 na wa 400. Toa mfuniko, toa kila kinachochomoza upande wa chini, pamoja na sindano ya floti. Chora uso wote wa chini kwa kalamu ya wino mzito. Laza msasa juu ya kioo, weka maji kidogo, sugua mfuniko kwa mwendo wa namba nane bila kuukandamiza upande mmoja. Baada ya mizunguko michache ugeuze uangalie: wino utakuwa umefutika pembeni tu na kubaki katikati, au kinyume chake. Hapo unaona kwa macho yako jinsi ulivyopinda. Endelea mpaka wino ufutike kila mahali, malizia na 400, simama hapo hapo. Fanya vivyo hivyo kwa kipande cha chini. Osha kwa petroli, puliza kila tundu kwa kompresa, weka gasketi mpya na oringi mpya. Oringi ya kawaida ya bomba la maji haifai, petroli inaivimbisha. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa bisibisi ya mkono. Zikishika, tosha.

Ukiwa umeifungua, tazama kiwambo kidogo cha mpira kilicho ubavuni. Kikichanika, kabureta inatajirisha mchanganyiko (inazidisha petroli) wakati wote, na hakuna skrubu itakayoponya hilo. Kimo kwenye seti ya matengenezo pamoja na gasketi. Seti hizo zinapatikana Dar, maeneo ya Gerezani na Kariakoo, na Arusha ambako Land Rover bado ni nyingi. Tuma picha ya kabureta na maandishi yaliyo ubavuni kabla ya kulipa, kisha waombe waweke kwenye basi.

Jambo litakaloamua kama Zenith yako inaishi au inazikwa ni ekseli ya kipepeo. Shika mkono wa mafuta pale kwenye kabureta, utikise juu chini. Ikicheza kidogo tu, endelea nayo. Ikicheza mpaka unasikia mlio wa chuma, hewa inaingia kupitia hapo na sailensi haitatulia hata ufanye nini. Inaweza kutobolewa na kuwekewa bushi na fundi wa lethi, mashine ya kuchonga chuma. Huku Tabora tumebahatika, mji wa reli haukosi mzee aliyejifunza lethi akapata mikono ya uhakika. Nadhani na Kigoma, mwisho wa reli, ukiuliza hutamkosa. Kama hayupo, au kama mfuniko umeshasuguliwa na wengine mpaka umekuwa mwembamba, usipoteze pesa zaidi. Sasa nunua Weber.

Weber 34 ICH ni kabureta ya koo moja, choki ya mkono, inayofungwa kwenye stadi mbili zilezile za manifoldi yako. Edoardo Weber alianzisha kampuni yake Bologna, Italia, mwaka 1923. Kabureta za jina hilo zinazouzwa mpya leo zinatengenezwa Hispania. Naipenda kwa gari la kila siku kwa sababu haina mambo mengi. Haina ugonjwa wa mfuniko kama Zenith, inafunguliwa kwa bisibisi moja na spana moja au mbili, na jeti zake zina namba inayosomeka. Inakula kidogo kuliko Zenith. Ubaya wake nao nauweka mezani: juu kabisa, ukikanyaga mpaka mwisho mlimani, inapungukiwa kidogo. Utashuka gia mapema kuliko zamani ukipanda Kasulu. Na jeti yake ya sailensi ni nyembamba, hivyo uchafu mdogo tu unaizima. Filta nzuri ya petroli kabla ya kabureta ni lazima, na ninaposema lazima sina maana ya kile cha plastiki cha pikipiki.

Mdogo wako wa Dar atasema koo moja ni dogo. Mpigie hesabu. Injini yako ni sentimita za ujazo 2,286, yaani lita 2.286, na inajaza ujazo huo mara moja kila inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, karibu na kilele cha nguvu zake, ingevuta lita 4,572 za hewa kama ingejaza kikamilifu. Haijazi kikamilifu, chukua asilimia 80, unapata kama lita 3,650 kwa dakika. Kabureta moja ya kiasi inaweza hiyo. Na wewe hufiki mizunguko 4,000. Ukienda 60 kwa gia ya nne uko kwenye 2,500 hivi, kipepeo kimefunguka robo au chini.

Kabureta kubwa mno ina shida ambayo watu hawaitarajii. Petroli haipandi kwenye jeti kwa kusukumwa. Inavutwa na kasi ya hewa inayopita kwenye koo. Koo likiwa pana, hewa inapita polepole, mvuto unakufa. Jaribu kunyonya soda kwa mrija, halafu kwa bomba la maji la inchi moja. Ndiyo maana gari lenye kabureta kubwa linanguruma vizuri ukikanyaga sana lakini kwenye mwendo wa sokoni linakohoa, linajikuna, linakuaibisha mbele ya bodaboda.

Kununua Weber kuna mtego wa feki, na zipo nyingi. Halisi ina jina lililoungana na mwili kwenye umbo lenyewe la chuma, kingo zake safi. Toa jeti moja hapo hapo dukani: iwe na namba iliyopigwa. Namba hiyo ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, 130 ni milimita 1.30. Jeti isiyo na namba rudisha. Tikisa ekseli ya kipepeo, kwenye kabureta mpya isicheze kabisa. Weka uso wa chini juu ya kioo cha kaunta, usiyumbe. Uliza pia kama inakuja na kiwiko cha kuunganisha na bomba la filta yako ya hewa, maana mdomo wake si sawa na wa Zenith, na wengi wanafika nyumbani ndipo wanagundua filta haifungiki. Matokeo yake wanatembea bila filta "kwa muda", na muda huo unakuwa miaka.

Umeishi kando ya ziwa, kwa hiyo nikuambie na habari ya mwinuko, ambayo mafundi wengi wanaosoma vitabu vya Uingereza wanaisahau. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Tabora tuko kama 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini jeti haijui, inaendelea kutoa petroli karibu kama ya pwani, hivyo mchanganyiko unatajirika: kwako Kigoma asilimia 3 au 4, huku kwetu karibu 6. Kushusha jeti kuu hatua moja, mfano 130 kwenda 125, kunapunguza tundu lake kwa asilimia 7 na nusu hivi. Unaona basi, Kigoma acha jeti iliyokuja nayo. Kasulu na njia ya Manyovu ni juu zaidi, na kama maisha yako yangekuwa huko ningekushauri ushushe. Kwa mtu anayepanda Jumamosi na kushuka Jumapili, heri mchanganyiko tajiri kidogo mlimani kuliko mkavu, wenye petroli pungufu, ukiwa umebeba mzigo bondeni. Mchanganyiko mkavu huunguza vali.

Mwinuko huo huo unadanganya geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa injini. Kitabu kinasema injini yenye afya kwenye sailensi isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni pwani. Toa karibu inchi moja kwa kila mita 300 ulizopanda. Kwako 15 ikiwa imetulia ni afya, na Tabora 14 pia ni afya. Nimeshuhudia injini yenye afya ikihukumiwa kufunguliwa ringi kwa kosa la kuishi Tabora. Cha kuangalia zaidi ni sindano ya geji kutulia.

Sasa SU. Jina hilo ni kifupi cha Skinners Union, kabureta ya Kiingereza ambayo koo lake hupanuka na kupungua lenyewe kwa pistoni inayopanda na kushuka. Moja peke yake, ikiwa na sindano sahihi ya injini yako, ni kabureta ya kiungwana, na Mwingereza mwenye gari kama lako hana sababu ya kuikataa. Huku tulipo, sindano hiyo huipati. Pistoni inateleza kwenye chumba chenye nafasi ndogo sana, vumbi likiingia inakwama, na ile oili ya juu inayotuliza pistoni watu wanasahau kuijaza. Sasa weka mbili. Lazima zivute sawasawa, kila moja na ekseli yake inayochakaa kwa kasi yake, na manifoldi yake mwenyewe. Kila baada ya muda mtu azisikilize na kuzilinganisha. Nguvu zipo, sibishi. Lakini anayekuambia ufunge mbili hatakuwepo Mwandiga saa mbili usiku.

Ya Hiace inahitaji heshima kidogo, kwa sababu zipo Land Rover zinazotembea nayo na wenyewe hawalalamiki. Spea zake zimejaa kila mahali. Ninachokikataa ni jinsi inavyofungwa. Inataka bamba la kuunganisha, mara nyingi linachongwa kwa gurudumu la kusagia, na uso wa bamba hauwi sawa, hewa inaingia. Mipira yake ya vakyumu, ambayo Hiace ilikuwa na kazi nayo, inazibwa kwa skrubu au misumari. Baya kuliko yote ni mkono wa mafuta, unaofuata mguu wako. Land Rover yako inavuta kabureta kwa fito na viungo, Hiace kwa waya. Fundi anaunganisha kwa kulehemu, na siku kiungo kikikwama huku kipepeo kikiwa wazi, unateremka mlima wa Kasulu na injini inayokataa kupunguza. Kwa gari la mzee unalompakia mama, sikubali.

Ukifunga kabureta yoyote, usiache kile kipande kinene cheusi kinachokaa kati yake na manifoldi. Kinazuia joto lisipande. Bila hicho, petroli inachemka ndani ya bakuli, na ukisimama dakika kumi sokoni gari linakataa kuwaka. Nati mbili za chini zikazwe kwa zamu na kwa kiasi. Ukizikaza kwa nguvu zote unapinda kabureta mpya siku ya kwanza. Injini ipate moto kamili. Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, usiibane, halafu uirudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa. Weka sailensi kwenye 600 mpaka 700. Geuza skrubu ya mchanganyiko robo robo mpaka injini izunguke kwa kasi na utulivu kuliko kote, irudishe ndani kidogo sana, kisha ushushe sailensi tena kwa skrubu yake. Nyunyiza maji kuzunguka sehemu ya chini na kwenye manifoldi. Sauti ikibadilika, hewa inaingia hapo. Tumia maji, usitumie petroli, hata fundi akikuhakikishia ndivyo wanavyofanya wote. Kama gari lako lina buster ya breki, bana na mpira wake uone.

Kazi ya kuisafisha baadaye, utashangaa nani wa kumpa. Vijana wengi wa gereji za magari siku hizi wamekulia kwenye injekta. Wanachomeka mashine ya kusoma makosa, na Land Rover yako haina pa kuchomeka. Fundi wa bodaboda anafungua kabureta kila siku ya Mungu. Anajua floti, anajua sindano, anajua jeti. Mpelekee, kaa naye hapo hapo, mwonyeshe picha za ulipotoa kila kitu. Umzuie jambo moja tu, kuchokonoa jeti kwa waya. Shaba ni laini, waya unakwangua tundu, na 130 yako inakuwa namba isiyojulikana. Puliza kwa kompresa. Uchafu ukigoma, tumia uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, ambao Kibirizi, kwa wavuvi, huwezi kuukosa; hautoboi shaba. Petroli nunua sheli, ile ya chupa barabarani ina maji na mchanga, na tenki la zamani tayari lina kutu ya kutosha.

Kuhusu ulaji, usimsikilize anayekuahidi kilomita 10. Injini hii ikiwa na afya, kabureta sawa, matairi yana upepo, inatoa kilomita 5 hadi 6 na nusu kwa lita. Ukipata 6 kwenye lami ya Kasulu, funga boneti, usiguse kitu. Baada ya wiki ya kwanza nati za chini zitakuwa zimelegea kidogo kwa joto. Zirudie zikiwa baridi. Toa plagi zote nne kwa mpangilio wa silinda, zipige picha, unitumie pamoja na namba ya jeti kuu na hali ya mfuniko ulivyoukuta kwenye kioo. Moja ikiwa nyeusi na tatu za kahawia, tutaongea habari ya silinda hiyo. Zote nne zikiwa nyeusi bado, tutaongea habari ya floti.